Mshindi Ndiye Mgeni

Buyenzi ya utoto wangu ilinuka grisi na ndagala. Gereji ya baba iliegemea ukuta wa nyumba yetu, na mama alikaangia samaki nyuma ya ukuta huohuo, kwa hiyo mpaka leo nikisikia harufu ya ndagala nangojea kusikia nyundo. Vita vilikuwa vimeshaigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa. Kila mtaa ulikuwa na vijana wa kizuizi cha barabarani waliokutazama pua na urefu, wakikisia kabila lako, kabla ya kukuuliza jina. Kwetu bado tulikuwa tumechanganyika, tukajiona wajanja kuliko mji mzima. Wanaume walikalia matairi gerejini wakibishana juu ya mpira, maana mengine yote yalikuwa hatari kuyataja.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Zamani, timu za lise, yaani shule za sekondari, zilifunga mwaka kwa mechi za mwaliko. Shule moja iliialika nyingine, wakacheza mara moja, mshindi akapewa mbuzi, mbuzi akaliwa na wote, basi. Bingwa wa mji hakuwepo, na kila timu ilikwenda likizo ikijisifu. Baba, fundi wa magari mwenye sauti kama honi, aliuchukia utaratibu huo. “Bingwa ni mumoja!” alifoka. “Hii ya kula mbuzi na kuchekeana, ni mupira gani?” Alitaka mtoano: ukifungwa unatoka, ukishinda unaendelea mpaka abaki mmoja. Mzee Baruti, mkimbizi wa Uvira aliyeuza vitenge na kuwafundisha mpira vijana wetu, alimjibu taratibu: “Fundi, ku mechi ya mbuzi kila mutu anarudi kwake. Ku mutoano, ule anashinda anaendelea kutembea. Siku hizi atatembea wapi?” Walimcheka, wakamwita mwoga wa Kongo, na mtoano ukapita. Ila walibakiza desturi moja ya zamani, kwamba timu ikishinda kwao, mechi inayofuata huenda kwa wenzao kama mgeni na kupikiwa wali. Waliona hiyo ni adabu nzuri.

Golikipa wa lise yetu alikuwa kaka yangu Shabani. Alikuwa amechukua sura ya mama, na mama ni mtu wa milimani, mrefu mwenye pua nyembamba. Timu iliyotangulia kufika fainali ilitoka mtaa ambao sitautaja, maana wanaokaa huko leo ni wengine. Vijana wa kizuizi cha mtaa ule waliitafuta sura kama ile. Nusu fainali yetu ilichezwa Buyenzi. Asubuhi yake Shabani alimfuata baba gerejini, mimi nikiosha spana kwa petroli. “Baba, acha niachilie goli moja tu. Tukifungwa tunabaki hapa.” Baba hakuinua hata kichwa. “Mutoto wangu haachilie. We ni Muswahili wa Buyenzi, nani atakugusa?” Mama alilia, akaambiwa anamtia mtoto woga. Mechi ikafika penalti, na baba akaenda kusimama nyuma ya goli. Shabani aligeuka akamtazama, kisha akaruka, akaudaka mpira. Mtaa mzima ulimbeba juujuu ukiimba jina lake, nami nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wakaenda fainali. Walipikiwa wali na nyama, wakala wakashiba, wakacheza, wakafungwa vibaya. Wenyeji wakawapa mikono. Wakati wa kurudi lori lao lilisimamishwa kizuizini, na vijana walewale waliokuwa wakishangilia pembeni mwa uwanja wakamwita: “Golikipa, shuka kwanza.” Wengine wakaambiwa waende zao. Mzee Baruti alikataa kuondoka mpaka wakampasua kichwa kwa kitako cha bunduki. Maiti hatukupewa. Waliomwimba kaka yangu walikuja matangani, wakanywa chai yetu na kusema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwenye sura ile angetulia nyumbani. Niliwachukia wote kwa usawa.

Leo mji unapitika. Mwanangu anakwenda kucheza Gihosha, anakwenda Kinindo, anarudi na njaa tu. Kiangazi kilichopita vijana wa mtaa walikuja kumuuliza baba, ambaye sasa haoni vizuri, kama mashindano yao yawe ya mwaliko au ya mtoano. Nilikuwa nimengoja jibu lake miaka mingi. “Mutoano,” alisema, hata hakufikiri. Nadhani akijibu vingine atakuwa amekiri kwamba alimuua mwanawe, kwa hiyo atajibu hivyo mpaka kaburini, nami sitamsamehe. Vijana wakapiga makofi. Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele. Akawauliza, “Timu yenu iko na golikipa?”

“Iko, Bibi.”

“Anafanana na nani?”

Walicheka sana, wakidhani uzee umemwingia. Baba hakucheka.