Noti ya Mji Uliohamwa
Nina shahada mbili za historia, na kwa elimu yote hiyo nilichagua kukusanya noti za zamani za miji ya machimbo ya Marekani, ile ambayo dhahabu ilipokwisha watu walifunga virago wakawaachia panya benki. Marekani sijafika. Machimbo niliyoyaona kwa macho ni mashimo ya barabara yetu hapa ughaibuni, Walthamstow.

Noti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa chafu, imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole cha mtu ambaye mimi niliamua ni mchimbaji. Jumamosi moja klabu ya wakusanyaji ilikuwa initeue mwanachama kamili, iwapo noti hiyo ingempendeza mkaguzi wao. Kwa miaka mitatu nilikuwa mgeni tu, nikiaminiwa kupanga viti.

Asubuhi ya siku hiyo niliiacha mezani nikaenda kuoga. Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Unguja kututembelea miezi mitatu na sasa yumo mwaka wa pili, hawezi kuona mwanamume akienda kwenye shughuli ya watu na kitu kilichokunjana. Aliipiga pasi pamoja na shati langu, kwa wanga, kisha akaifukiza udi.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimekusitiri, mwanangu. Ungekwenda na uchafu ule mbele za Wazungu, wangesema huna watu."

Nilikwenda nayo hivyo hivyo. Mkaguzi, mzee mwenye lenzi jichoni, aliigeuza, akainusa, akainusa tena. Akanieleza, kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya, kwamba mikunjo ndiyo maisha ya noti, na hii imekwisha kuoshwa na kukafiniwa.

"Nani aliyeipiga pasi?"

Ningesema kweli, wangenihurumia na kunipa Jumamosi nyingine. Lakini wazee wote walikuwa wameinua vichwa, midomo tayari, wakingoja wa kumcheka.

"Mimi," nikasema.

Wakacheka sana. Nikapanga viti, nikarudi nyumbani.

Shangazi alikuwa anapiga pasi mashuka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hawajapata kuona noti iliyonyooka vile."

"Si nilikwambia?" Akanyunyizia shuka maji, uso umemng'aa. "Haya, lete na zile nyengine, pasi ingali ya moto."