Mayai Mdomoni mwa Ngege

Juzi niliwafungulia watoto wa dada yangu kitabu cha picha za mayai ya wanyama. Tulipofika kwa samaki anayeitwa ngege, nikajikuta mtoto tena Rumonge, kando ya ziwa, uani kwetu, mawese yakinukia motoni.

Mama alikuwa anampara ngege magamba, mara mayai ya njano yakamwagika kutoka mdomoni mwa samaki.

"Maman! Alikuwa anakula watoto wake!"

Mama akacheka. "Hata mimi nitamla wangu, usipoleta ndimu."

Niliamini. Nilijificha kwa jirani mpaka akaja mwenyewe kunibembeleza.

Kumbe, kitabu kilieleza, ngege huyaficha mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, bila kumeza hata moja.

"Tonton," akaniuliza mpwa wangu mdogo, "na akipiga chafya?"

Kitabu hakikusema. Tulijaza mashavu pumzi, tukajaribu kupiga chafya bila kufungua midomo.