Niliwachoma Ndege wa Baba

Sitafuti wa kunitetea. Nilikosa, tena nikiwa na akili zangu timamu. Ndege aliowachora baba yangu niliwachoma mimi, binti yake wa kumzaa, kwa kiberiti changu.

Baba alifanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Vipande vya pembeni vya kutupwa aliviomba, akachorea ndege. Likizo wenzake wakienda kunywa, yeye anapanda basi hadi Usangu kuwafuata korongo, au Chunya huko kwenye vumbi, anakaa kutwa nzima kumsubiri ndege mmoja. Nyuma ya kila picha aliandika alimwona wapi na alikuwa anafanya nini. Nani alimjua baba? Hakuna. Picha mbili tatu aligawa, basi.

Presha ya macho ikampofusha. Nikamleta kwangu Ipogolo na sanduku lake la bati. Kila baada ya chai ananiambia, "Mama, nitolee ndege mmoja." Natoa picha, namsomea maandishi ya nyuma, yeye anaipapasa na kucheka peke yake. Jamani, ndiyo ilikuwa furaha yake yote!

Mmoja alikuwa bundi. Baba aliomba nimtundike sebuleni, nikamtundika. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu, na kitindamimba wangu alikuwa na homa siku ya nne. Akina mama wakamwona mtoto kalala mkekani, wakamwona na bundi ukutani juu yake. Wakati wa kuaga mmoja akaninong'oneza mlangoni, "Dada, unafuga bundi ndani halafu unatuita tukuombee?"

Aibu niliyoipata! Kesho yake, jirani alipompeleka baba misa ya asubuhi, nikamtoa bundi uani. Halafu nikajiambia, hao wengine nao nani anajua wamebeba nini? Nikamwaga sanduku zima. Mafuta ya taa, kiberiti.

Mtoto alikuwa na malaria. Akapona kwa dawa za zahanati. Malaria tu, mwenzangu!

Hapo ningesema. Sikusema. Nilinunua karatasi za manila, nikazikata, nikajaza sanduku. Baba akiomba ndege nampa karatasi tupu, maneno nayabuni: kwale, shamba la mahindi, alikuwa anakula. Mtu aliyeshika karatasi maisha yake yote, mimi namdanganya kwa manila! Alipapasa. Hakucheka tena, nami nikajifanya sioni.

Siku moja akasema, "Leo nataka yule chozi wa kifua chekundu. Jicho nililikosea, niliweka nukta kubwa mno. Bado inaonekana?"

"Inaonekana, baba," nikajibu. "Lakini amependeza hivyohivyo."

Kisha akasema polepole, "Chozi yule nilimpa padri wa kule Mgololo kabla hujaolewa. Hakuwahi kuingia humu sandukuni, mama. Ndege wangu umewafanya nini?"

Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakunitukana. Heri angenitukana! Aliuliza tu, "Na korongo pia?" Nikasema, na korongo.

Tangu siku hiyo haombi kitu. Anakunywa chai, anashukuru, anageukia ukutani. Nilikwenda Mgololo kumtafuta yule chozi aliyenusurika. Padri alishahama zamani, picha hakuna anayeikumbuka. Nimeungama kwa padri wetu, nimeondolewa dhambi, lakini nikirudi nyumbani naukuta mgongo uleule.

Nyie mnaotunza wazazi, msichome vitu vyao kwa maneno ya watu wa kupita! Waliokuja kusali kwangu walikunywa chai yangu wakaondoka. Mimi nimebaki na baba.

Juzi asubuhi ndege alilia juu ya bati, sauti nzuri ajabu. Nikamkimbilia, "Baba, sikiliza! Ndege gani huyo?"

Akasema, "Sijui."