Kambare wa Emerensiana Wapanda Ufipa kwa Miguu

Jua bado halijafika kwenye njia ya kupandia ukingo wa bonde, na Emerensiana yuko mbele, tenga kichwani, anazungumza. Hazungumzi na mumewe, Ignasi, anayehema nyuma yake na mzega begani, tenga moja kila ncha ya mti. Anazungumza na samaki.

"Vumilieni, mabwana. Kijito kiko pale juu, mtaoga."

Mabwana wenyewe ni kambare. Wametoka kwenye madimbwi ya Mtowisa, kando ya Ziwa Rukwa, na wanakwenda harusini Sumbawanga. Wamelazwa juu ya majani ya migomba na kufunikwa nyasi zilizoloweshwa, bila maji ya kuogelea. Mwaka huu wa 1952 barabara ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, bado haijashuka mpaka kwao, kwa hiyo safari ni ya miguu, na wanaokutana na mama huyu njiani hudhani amechanganyikiwa. Nani aliona samaki akivuka nchi kavu akafika salama?

Emerensiana hucheka tu. Ndani ya kichwa cha kambare, anaeleza, juu ya mashavu, kuna kitu kama vijitawi vya mti, na kwa hicho huvuta hewa hii hii tunayovuta sisi. Mradi ngozi isikauke, atasafiri. Mwaka juzi ziwa liliporudi nyuma na kuacha tope, perege walikufa hadi ndege wakachoka kuwala. Kambare walijichimbia topeni, mdomo nje. Mvua ya kwanza iliponyesha, aliwaona wakijikokota nyasini kwa miiba ya mapezi, wakihamia dimbwi jingine.

"Nikasema, kumbe hawa ni watembezi. Basi watembee na mimi," anasema.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Watu wa juu walizoea samaki mkavu, na kambare mmoja aliye hai humpatia bei ya wakavu watatu. Kwa biashara hiyo mwanawe Evaristi anasoma shule ya misheni.

Mwaka jana mambo yalikwenda kombo. Emerensiana alishikwa na homa, Ignasi akaenda peke yake. Kwa kuwahurumia samaki aliacha matenga nyumbani, akachukua madebe, akayajaza maji mpaka juu kabisa, akafunika na kukaza kamba. Alipofungua sokoni, wote walikuwa matumbo juu.

"Mimi ndiye mtu wa kwanza Ufipa nzima kuzamisha samaki," anakiri Ignasi.

"Walikosa pa kutoa pua wavute hewa," mkewe anadakia. "Baba Evaristi aliwapenda mno."

Wanacheka leo, lakini sokoni neno lilienea kwamba samaki wa Emerensiana ni mizoga, na wateja wakamkimbia. Aliyebaki ni Bi Zaitun, mke wa Mwinjuma mwenye duka na lori, ambaye sasa anamwoza binti yake Mwasiti. Wakwe wanatoka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Hao ni watu wa samaki wabichi, na wameshaanza utani kwamba Sumbawanga watalishwa kuni zenye kichwa, yaani samaki wakavu. Bi Zaitun amemwambia Emerensiana waziwazi: walete wakiwa hai, ama usipige tena hodi kwangu.

Wanalala njiani, katika baridi ya Juni, na kesho yake asubuhi wanaingia uani kwa Bi Zaitun.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nifunulie."

Nyasi zinaondolewa. Kambare wamekakamaa, hata sharubu hazichezi. Bi Zaitun anamgusa mmoja kwa ncha ya mwiko, kisha mwingine.

"Mwanangu, hawa wamekufa."

Emerensiana anachuchumaa kando ya tenga. Hajawahi kuwaleta majira ya kipupwe. Anatazama vidole vyake vilivyokufa ganzi tangu alfajiri, anajiuliza kama wenzake hawa wa bondeni hawajapatwa na jambo lile lile.

"Mama, naomba nikae hapa mpaka jua litufikie. Wasipoamka nitawabeba mwenyewe nikawafukie."

Bi Zaitun ana vitunguu vya kumenyewa na wageni wa kupokelewa. Anamwachia kona ya ua, akaenda zake.

Jua linapanda polepole, linavuka paa la jiko, linagusa ukingo wa tenga. Ignasi amegeuzia uso ukutani, hataki kuona. Emerensiana anaona sharubu moja ikicheza. Baadaye mdomo unafunguka. Halafu kambare mkubwa kuliko wote anajitupa nje ya tenga na kukata ua kwa tumbo, moja kwa moja kuelekea jikoni.

Wapishi wanapanda juu ya vinu. Mwasiti, aliyekatazwa kuonekana, anachungulia mlangoni na hina yake mikononi, mbavu hana. Bi Zaitun anamkimbiza samaki kwa kanga, na anapomkamata hampeleki sufuriani. Anaagiza wakwe waitwe kwanza.

Bwana Bashiri, baba wa bwana harusi, anasimama akamtazama kambare akijinyonganyonga, akashika ndevu.

"Kwetu Kasanga samaki tunawafuata majini," anasema. "Hawa wenu wanakuja wenyewe harusini."

Kufikia adhuhuri habari imeshafika sokoni, wateja wamekuja kununua waliozidi mahitaji ya harusi, na matenga yote yamebaki matupu. Emerensiana anamshukuru Mungu kwa sauti, tena bila haya.

Sasa anataka kuchimba bwawa kando ya kijito, pembeni mwa mji, mahali panapopata jua asubuhi, awe anawahifadhi humo mpaka wanunuzi waje. Ignasi ameahidi kuchimba. Kazi ya kwanza, anasema Emerensiana, ni uzio imara kuzunguka bwawa lote.

"Bila uzio, mvua ikinyesha tu wataanza safari ya kurudi Mtowisa, nami nibaki na shimo."

"Na kifuniko?" anauliza Ignasi.

"Kifuniko hapana, Baba Evaristi."