Tulivyoirudisha Ndege Isiyoonekana

Sikwenda Brussels kutembea. Nasema hili mapema kwa sababu nyumbani Tanga kila aliyesikia napanda ndege kwenda Ulaya aliniagiza viatu. Nilikwenda kikazi, na tangu siku niliyopewa tiketi hadi siku niliyopanda ndege ya kurudi sikupata mlo ulioshuka vizuri.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka hiyo ya tisini nchi moja ya Ulaya, ambayo sitaitaja, iliamua kujiundia ndege yake ya kivita, ile aina isiyoonekana na rada. Ilikuwa bado kwenye michoro. Waziri wao wa fedha alikuwa amewaambia wazi kwamba isipopatikana nchi ya nje ya kuinunua, hatoi fedha za kuijenga. Ndipo wakaalika maofisa wa nchi nyingi waje Brussels kuelezwa habari zake, na sisi tukiwamo. Kununua hatukuweza, jeshi letu lilikuwa linahangaika na tairi za malori. Kukataa mwaliko nako hatukuweza, maana nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikituchimbia visima Dodoma.

Siku moja kabla ya safari, Katibu Mkuu wa wizara alituita ofisini kwake, mimi na Kanali Mbwambo. Kanali alikuwa rubani wa ndege za kivita ujanani na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Mimi nilikuwa mkalimani wa Kifaransa, lugha niliyoiokota Bujumbura baba alipokuwa akifanya kazi bandarini.

"Mwende, msikilize, mrudi," alisema Katibu Mkuu. "Msiahidi kitu. Msitie sahihi kitu. Hata vitanda vyao msilalie, tutawatafutia pa kulala. Mnamkumbuka yule mwenzenu aliyepigwa picha kwenye karamu ya wauza vifaru, magazeti yakaandika tumenunua vifaru? Yuko wapi sasa?"

"Sijui, Mzee," nikajibu.

"Na mimi sijui."

Nilitoka pale nikiwaza nyumbani. Nina watoto wawili, na mshahara ule ndio uliokuwa baba yao na mama yao.

Brussels tulifika asubuhi, mvua ikinyunya, mvua ile isiyoisha wala kunyesha sawasawa. Dereva wa ubalozi alitupeleka kwenye nyumba ndefu, nyembamba, kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mwenye nyumba alikuwa Maman Furaha, mama wa Bukavu aliyepangisha vyumba vya juu na kufanya usafi kwenye maofisi ya wakubwa huko mtaa wa Schuman.

"Karibu, ma fille. Karibu, papa," alisema akitupokea mizigo, mimi kwake binti, Kanali baba. "Bon, munakuya kufanya nini huku kwa baridi?"

"Kuangalia ndege, Maman," akajibu Kanali.

"Ndeke? Kwenu ndeke hazipite?"

Kanali alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mambo yote yanayoweza kuharibika.

Kesho yake asubuhi tulichukua metro, treni ya chini ya ardhi, kutoka kituo cha Porte de Namur, tukabadilisha treni njiani na kushuka Schuman. Watu wa maofisi walitupita mbio na miavuli yao. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi mdogo uliokodishwa, na kusema kweli niliona haya kwa niaba ya wenyeji. Viti vilikuwa vingi, wageni wachache. Nchi tajiri hazikuja, au zilituma karani wa kunywa kahawa.

Aliyeeleza ndege alikuwa injinia wao mkuu, Bwana Lukas, mtu mrefu mwenye koti lililopauka viwikoni. Alieleza kwa Kifaransa, nami nikamnong'onezea Kanali. Alisema rada hurusha mawimbi, mawimbi yakigonga ndege yanarudi, na hivyo ndivyo ndege inavyoonekana. Ndege yake ilikatwa pembe ili mawimbi yateleze kando, na ikapakwa rangi ya kuyameza yatakayobaki. Alieleza vizuri, kwa mapenzi, hata nami nisiyejua kutofautisha propela na feni nilijikuta nimesogeza kiti mbele. Kanali alikuwa amesahau kufumba mdomo.

Baada ya injinia akasimama mkurugenzi wa mauzo, mtu wa tabasamu pana. Akamwita Kanali mbele. Nikadhani anataka kumsalimu. Kumbe alikuwa na ndege ile mkononi, ya mfano, ya kijivu, urefu wa mkono wangu, na akamnyooshea.

Sasa niambieni, mtu mzima wa kwetu akipewa kitu mbele za watu anafanyaje? Kanali alifanya vile alivyolelewa. Aliinama kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akasema asante sana. Bwana Lukas, ambaye ndiye aliyekuwa na kamera ya kampuni, akapiga picha. Taa ikamulika. Kisha mkurugenzi akawageukia wageni akasema kwa Kifaransa kwamba picha hiyo itaingia kwenye kijitabu cha kupelekewa wabunge wao wiki ijayo, ili waone Afrika nayo inaitaka ndege hii.

Kanali akarudi kukaa, amekumbatia ndege kama mtoto wa siku arobaini.

"Amesemaje?" akaniuliza.

Nikamtafsiria. Akasema polepole, "Kitumbua kimeingia mchanga, Tatu."

Jioni tulikaa jikoni kwa Maman Furaha. Aliipua sombe, kisamvu cha kwao, akatupakulia na wali, lakini nani angekula? Ndege ilikuwa katikati ya meza, na mimi nilikuwa naiangalia kama nyoka.

"Tuirudishe, Afande," nikasema.

"Zawadi irudishwe? Nimeipokea mchana kweupe! Mama yangu akifufuka leo atanikana."

"Na Katibu Mkuu je? Afande, kiinua mgongo chako! Watoto wangu!"

Maman Furaha akaweka mwiko chini. "Papa, sikiya. Mimi ninafagia bureau zabo miaka mingi. Bantu ya huku, muntu akikupatia kitu na ukikamata, basi ni oui, umekubali. Habajue kama ni heshima tu. Donc, murudishe. Mais hamuende bule-bule, mikono mitupu. Muweke kitu pamoja nayo, ndiyo isikuwe matusi."

Kanali akamtazama. Kurudisha sahani ya jirani ikiwa na kitu juu yake, hilo alilijua. Akapanda chumbani kwake na kushuka na mfuko wa korosho za Mtwara aliokuwa amemletea balozi. Maman akaufunga kwenye kitambaa safi cha kitenge pamoja na ile ndege. Usingizi nilioupata usiku ule ni wa kuku.

Asubuhi Kanali alikuwa ndani ya sare yake yote kabla sijanawa uso. Ndani ya metro alikaa wima, kifurushi mapajani, hadi Schuman. Nilikuwa naomba mkurugenzi asiwepo. Mungu si Athumani, tulimkuta Bwana Lukas peke yake akibandua michoro ukutani.

Kanali alimpa kifurushi kwa mikono miwili, vilevile alivyopokea. Kisha akaongea, nami nikatafsiri.

"Ndege yako ni nzuri. Ningekuwa kijana ningekuomba uniache niirushe. Lakini nchi yangu haitainunua. Haina uwezo, na haina adui anayestahili gharama hiyo. Jana nilipokea kwa adabu tu. Ukionyesha ile picha utakuwa umewadanganya wabunge wako, na mimi na huyu dada tutafukuzwa kazi."

Bwana Lukas alifungua kitenge. Alizitazama korosho, akaziweka kando ya ndege.

"Nilijua hamtanunua," akasema. "Wote tulijua. Lakini ndiyo picha pekee tuliyopata. Walioweza kununua hawakuinuka kwenye viti vyao."

"Bila hiyo picha itakuwaje?" nikamuuliza mimi mwenyewe, bila kumngoja Kanali.

"Wiki ijayo kura. Nimeichora hii ndege tangu mke wangu ana mimba ya binti yetu. Sasa binti anasoma."

Nilitaka kumwambia pole, na papo hapo nilitaka kumpokonya ile kamera nikimbie nayo. Bwana Lukas akaichukua mezani, akaishika bila kutuangalia. Kisha akafungua mgongo wa kamera, akavuta mkanda wote wa picha nje, mrefu, mweusi, kwenye mwanga wa dirisha. Picha za siku nzima ziliungua kwa mwanga pale, zetu na za wengine wote.

Kanali akampigia saluti. Jeshini humpigii raia saluti, lakini alimpigia.

Tulirudi Dar mwishoni mwa wiki. Maman Furaha alitufungia mikate ya njiani, na nilipomuaga alinishika shavu akasema, "Ma fille, sasa unaweza kukula." Kweli, ndani ya ndege nilikula chakula changu na nusu ya cha Kanali.

Ofisini Katibu Mkuu alitupokea kwa swali moja. "Mmeahidi nini?"

"Hatukuahidi kitu, Mzee."

"Picha?"

"Hakuna."

Akatupa ruhusa ya mapumziko. Kanali alistaafu kwa heshima zake zote, na mimi bado nimo wizarani. Nilichojifunza ni kwamba kwenye biashara ya silaha hata adabu ya mgeni inauzwa, na anayeiuza huenda ni mtu mwema kabisa anayeogopa kupoteza kazi, kama mimi tu. Tangu hapo, ofisa yeyote ninayesafiri naye namwambia mapema: ukipewa kitu, uliza kwanza kinakwenda kuonyeshwa kwa nani.

Wiki chache baadaye Katibu Mkuu alikuja hadi mezani kwangu na gazeti la kigeni, anacheka. Bunge la wale watu lilikuwa limeifuta ndege yao kwa kukosa wanunuzi wa nje, na kiwanda kinapunguza wafanyakazi, wakianza na waliokuwa wakiichora.

"Unaona, Bi Tatu? Tungejiingiza tungechekwa dunia nzima!"

Nikacheka naye, maana bosi akicheka unacheka. Alipoondoka nikaenda msalani, nikafunga mlango, nikalia.