Ndoana Chini ya Unyayo

Watu wakiviona vile vyambo vyangu vya manyoya vya kuvulia samaki ukutani husema nina subira na moyo laini. Hawajaniona nikivitengeneza. Naanza na sindano nene ya kushonea magodoro. Naibana kwa koleo, naichoma kwenye jiko la gesi mpaka iwive nyekundu, nauchanja ubavu wake kwa patasi ili uinuke mwiba mdogo unaotazama nyuma, naikunja, naichoma tena, kisha naitumbukiza kwenye mafuta. Inalia humo. Ule mwiba ndio ndoana yenyewe. Ikishaingia kwenye nyama, hairudi ilikopita.

Kazi hii nilifunzwa na marehemu mume wangu bila yeye kujua. Alisoma Uskoti, na mwenye nyumba aliyempangisha alimzawadia chambo kimoja cha kuvulia samoni, samaki wa mito ya baridi ambaye sisi huku Maskati tunamwona kwenye friji za supamaketi tu. Mume wangu alipofariki nilikifumua chambo kile uzi baada ya uzi. Mimi nimekulia kwenye kushona kofia, vidole vyangu vinaijua hariri na zari, kwa hiyo nilitambua pale yule fundi alipokaza na pale alipolegeza. Tangu hapo nafunga vyangu mwenyewe. Zari mwilini, manyoya ya shingo ya jogoo kooni, na mabawa ya kanga na batamzinga yaliyotiwa rangi, nyuzi za unyoya huu zikishikanishwa na za unyoya ule mpaka zikae kama zimeota pamoja. Kimoja hunichukua wiki nzima. Samaki wa pwani yetu ya Yiti hawatakigusa, na wala sijali.

Chumba changu cha kazi, nyumbani kwangu Al Khoudh, ndimo nilimomweka mdogo wangu alipokuja na mkono kwenye plasta na jino la mbele limepasuka. Mumewe alimpiga. Alimvunja mkono huo kwa kuupinda mgongoni. Mdogo wangu akawa anashinda mle akinichambulia manyoya kwa mkono mzima, haongei. Nilichokuwa nakiogopa ni kimoja tu, kwamba watamrudisha kwa mtu yule. Kaka yetu mkubwa alinipigia simu kila siku kuniambia mambo ya nyumbani yasuluhishwe nyumbani, na kwamba shemeji ana hasira lakini si mtu mbaya.

Ijumaa baada ya sala walikuja kwa suluhu: kaka na bakuli la halwa, shemeji, na ami yake shemeji, mzee mkali asiyesema sana, bakora mkononi. Walivua viatu mlangoni, wakaketi, wakanywa kahawa. Shemeji akasema mkewe aliteleza bafuni. Kaka akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia shemeji kwamba bafu haliachi alama za vidole shingoni mwa mtu. Kaka akanitaka nimimine kahawa. Nilitamani kummiminia kichwani, na hata leo najuta kwamba sikufanya hivyo.

Shemeji aliinuka, akasema anakwenda kumchukua mkewe. Nilisimama ukumbini kumzuia. Alinisukuma kwa kiwiko, bega langu likagonga ukuta, akafungua mlango wa chumba cha kazi. Nilipofika alikuwa amemkamata nywele na kumkokota, na mdogo wangu ameng'ang'ania ukingo wa meza. Meza ikapinduka. Jiliwa ninalobania ndoana, chupa za vanishi, mabunda ya manyoya, na sinia la ndoana nilizokuwa bado sijazivisha, vyote vikamwagika kwenye zulia. Akamzaba kofi la uso, akapiga hatua kumfuata pale alipoangukia. Hapo akanguruma.

Ndoana ilimwingia chini ya kidole gumba cha mguu, ikazama mpaka kwenye mkunjo wake. Aliivuta kwa nguvu. Mwiba ukashika, nyama ikachanika, damu ikatapakaa kwenye manyoya meupe ya batamzinga. Nilifurahi, sitaficha. Kaka alisema apelekwe hospitali, lakini mwenyewe kila akiguswa alitukana na kurusha ngumi. Nikawaeleza kwamba chuma changu hakikatiki kwa koleo. Ndoana ile husukumwa mbele mpaka ncha itokeze upande wa pili, mwiba ukapigwa tupa mpaka uishe, ndipo irudi. Nikawaambia pia kwamba mimi sifanyi.

Mdogo wangu akakaa chini, akaupakata ule mguu, akaniomba tupa.

Aliishika ndoana kwa ncha za vidole vilivyochomoza kwenye plasta, akasukuma. Shemeji alipiga kelele, akamtukania mama yetu aliye kaburini. Mdogo wangu hakuacha. Ncha ikatoboa ngozi ikatoka, na yeye akaanza kukwangua, polepole, huku damu ikimlowesha nguo mapajani. Kaka alilengwalengwa na machozi. Akamwambia yule mzee kwamba tazama, mke bado ana huruma na mumewe, basi yamekwisha, mwache akavae buibui waende zao. Nilikuwa natazama wema wa mdogo wangu ukimrudisha kwa mtu wa kumuua.

Ndoana ikatoka. Aliufunga ule mguu kwa kitambaa, kisha akamgeukia mzee.

“Ami, mie huruma namwonea hata paka. Huyu alipokwisha kunivunja mkono alinifungia chumbani, ufunguo akenda nao. Nlikaa humo mpaka kukacha.”

Mzee alimuuliza mtoto wa nduguye kama ni kweli. Shemeji akajibu kwamba hayo ni yake na mkewe. Ile bakora sikuiona ikiinuka. Niliisikia ikitua begani mwa shemeji, halafu kwenye mkono aliouinua kujikinga, halafu mgongoni.

“Mwache,” mzee alisema. “Hapa hapa, sote tusikie.”

Shemeji akatoa talaka akiwa amekaa sakafuni katikati ya manyoya, kwa sauti ndogo, na ami yake akamrudisha neno kwa neno mpaka lilipotamkika sawasawa. Nikadhani yamekwisha. Kaka akapiga magoti mbele ya mdogo wetu, akaanza kulia, akasema laiti angelijua.

Mdogo wangu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

“Ulijua, kaka. Simu nlikuwa nayo mle ndani. Nlikupigia weye mwanzo. Ukanambia nlale, kutakucha.”

Kaka hakukana.

Shemeji sikumgusa; aliondoka na ami yake, anachechemea. Niliyemkamata ukosi wa kanzu mpaka vifungo vikakatika, nikamburuta ukumbini huku nikimpiga ngumi za mgongo, nikamsukumia nje ya geti na kulifunga, ni kaka yangu, aliyetulea sote wawili baba alipokufa.