Udongo Aliouchoma Sabuni

Wifi yangu tulimpa jina la Sabuni, na hakuwahi kulikataa. Siku kaka alipomleta nyumbani kumtambulisha, alikunywa chai, akashukuru, kisha akaosha vikombe, sufuria na ukuta wa jiko. Mama akaninong'oneza, "Huyu amekuja kuolewa au kutukagua?"

Tulifanya kazi pamoja kwenye kitalu cha miche cha idara ya misitu. Mimi nilimwagilia, yeye alijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki ambamo mche hukulia. Mwaka ule misonobari yote ilikuwa ya kupandwa kwenye mteremko ulio juu ya nyumba ya mama. Miti yake ilikatwa zamani ikaisha, na mvua zilizopita tope liliporomoka likaingia mpaka jikoni. Tulimsihi mama ahame. Akasema nyumba ile aliijenga na marehemu baba, na hatoki ila kwa jeneza. Sabuni akamjibu, "Basi kaa, mama. Huo mlima nitauvisha mimi."

Na kwa kuwa miche ni ya mama mkwe, akaona haiwezi kukulia kwenye uchafu. Akauchekecha udongo kama unga, akautia kwenye pipa na kuuchoma moto mpaka mdudu wa mwisho akaaga dunia. Nikamwambia, "Wifi, bado kuupiga pasi tu."

Miche ikaota vizuri, halafu ikadumaa. Ikawa njano. Akaongeza maji, akaongeza mbolea, wapi! Mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya, na asubuhi moja nikamkuta amechuchumaa katikati ya viriba, analia. "Nitamwambia nini mama?" Mimi hodari wa utani nikaweka ndoo chini, nikachuchumaa kando yake.

Bwana misitu alipokuja aling'oa mche mmoja, akautazama mzizi, akauliza udongo umetoka wapi.

"Niliuchoma," Sabuni akasema. "Nilitaka uwe safi."

"Umekuwa safi mno, dada. Msonobari hauwezi kula peke yake. Twendeni niwaonyeshe."

Akatupeleka kwenye msitu mkongwe wa misonobari nyuma ya kiwanda cha mbao. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani yanayooza, na Sabuni alitembea ameinua sketi. Bwana misitu akapiga magoti chini ya mti, akafukua kwa vidole, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Jamani, nilichokiona! Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zimezifunika ncha za mizizi na kutawanyika udongoni pande zote.

"Hii ni kuvu, dada, ndiyo uliyoichoma," akasema. "Inafika mizizi isikofika, inauletea mti maji na virutubisho. Mti nao unailisha sukari ambayo majani yameipika kwa jua. Mkono mtupu haulambwi."

"Inaishia wapi?" Sabuni akauliza.

"Ipo hapo uliposimama. Ipo na kule, mpaka mwisho wa macho yako."

Wifi yangu akavua viatu. Sikumcheka. Msitu ule nilikuwa nimeupita tangu utoto nikiona mbao tu, na sasa nilijihisi mgeni kwenye nyumba kubwa iliyojaa watu nisiowaona. Niliogopa, na nilifurahi kuogopa.

Tulirudi na ndoo za udongo ule mweusi, na Sabuni akautia kwenye kila kiriba kwa mkono wake. Miche mingine haikupona. Mingine ikasita, kisha ikaanza kurudisha kijani, nayo tukaipanda mvua zilipoanza.

Lakini mti mchanga haushiki mlima, mtu asikudanganye. Mwaka ule tope lilikuja tena, na uliofuata pia, tukalizoa kwa koleo huku mama akituimbia tusikate tamaa. Misonobari ikapita magoti, ikapita vichwa vyetu. Siku moja tukaona uyoga, tunda la ile kuvu, umechomoza chini yake, na hakuna aliyeupanda. Sabuni alisimama pale mpaka nikaona aibu kumharakisha.

Kisha ikaja mvua kubwa, ile ya kuogofya. Tulikimbia kwa mama na makoleo begani, tumelowa chapachapa. Tukamkuta amesimama kizingitini na beseni mkononi, ameyakinga maji yanayoteremka kutoka mlimani. Hata salamu hakutupa. Akamsogezea Sabuni lile beseni.

"Tazama, mwanangu," akasema. "Maji yamejaa, na bado naliona ua lililochorwa kwenye kitako cha beseni."

Sabuni akapiga magoti palepale kwenye maji, na mama akamshika kichwa kwa mikono miwili.